Pomboo Mwenyeji, Binadamu Mgeni

Miongoni mwa viumbe wa baharini, wengi humkimbia binadamu, na wachache binadamu ndiye huwakimbia. Pomboo hayumo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Papa huandama chombo kwa kutaraji makombo, na ndege wa pwani huandama kwa tamaa ya samaki. Ama pomboo hukikuta chombo kikienda zake, akaiacha njia yake, akaja kuogelea omoni. Huko hupaa, huzama, hugeuka ubavu na kumtazama aliyeinamia maji, kisha huondoka kama alivyokuja, hakuomba kitu wala hakupewa kitu. Aliyesafiri kwa jahazi au mashua katika bahari hii, iwe kwa kusi au kwa kaskazi, hakosi kuwa na kisa cha namna hiyo, na aghalabu hukisimulia kwa furaha hata baada ya kusahau alikuwa akisafiri kwa ajili ya nini.

Kisa hicho, hata hivyo, kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ile inayosimuliwa, nayo ni ya furaha. Sehemu ya pili ni yale yanayompata pomboo baada ya habari zake kuenea, na hiyo husimuliwa kwa nadra. Historia imehifadhi visa kadhaa ambavyo sehemu zake zote mbili zinajulikana, na mtu akivisoma pamoja huona kuwa vinafanana kuliko inavyotarajiwa, ingawa vimeachana kwa karne nyingi na kwa bahari nyingi.

Kwanza ifahamike kwa nini pomboo huandamana na vyombo. Chombo kinapokata maji husukuma wimbi mbele yake, na pomboo akijiweka mahali panapostahiki ndani ya msukumo huo huchukuliwa bila ya kupiga mkia. Kwa hivyo kuna aliyesema kwamba pomboo anataka nafuu ya safari tu. Lakini msafiri mwenye kutafuta nafuu hageuki akarudi alikotoka, na pomboo hufanya hivyo. Huandamana na chombo kinachokwenda kinyume na safari yake, kisha hurudi. Kadhalika huonekana akiburura jani la mwani kwa pezi, akiliachia, na mwenziwe akilidaka. Wataalamu wa wanyama hawasiti kuliita jambo hilo mchezo. Na mchezo, kwa pomboo kama kwa mtoto, una sharti moja lisilovunjwa: aliyeingia kwa hiari yake awe na uwezo wa kutoka kwa hiari yake. Sharti hilo likiondoka, kinachobaki huitwa kwa jina jingine.

Mtoto na pomboo wa Hippo

Kisa kilicho kamili zaidi kati ya vile vya kale kilitokea katika bara la Afrika. Katika pwani ya kaskazini, mahali ulipo leo mji wa Bizerte nchini Tunisia, palikuwa na mji wa Hippo Diarrhytus chini ya utawala wa Warumi. Waandishi wawili wa Kirumi waliisimulia habari hiyo: Plinius Mkubwa, aliyefariki mwaka wa 79 katika mlipuko wa mlima Vesuvius, na mpwa wake Plinius Mdogo, aliyeiandika kwa urefu katika barua kwa rafiki yake mshairi. Huyu wa pili alisisitiza kwamba kisa ni cha kweli ijapokuwa kinafanana na hadithi ya kubuni.

Hippo palikuwa na ziwa la maji lililounganishwa na bahari kwa mkondo mfano wa mto, maji yakiingia na kutoka kwa kujaa na kupwa. Watu wa rika zote walikuwa wakivua, wakisafiri kwa vyombo na kuogelea humo, hasa watoto wa kiume, ambao mashindano yao yalikuwa ni nani atakayefika mbali zaidi. Siku moja mtoto mmoja aliwapita wenziwe wote. Pomboo akamtokea, mara mbele yake, mara nyuma, mara akimzunguka, kisha akajipenyeza chini yake, akamweka mgongoni, akamwachia, akamchukua tena. Alimpeleka kilindini huku mtoto akitetemeka, kisha akageuka na kumrejesha ufukweni kwa wenziwe.

Kesho yake mji mzima ulikuwa pwani. Pomboo alikuja, na waogeleaji wakamkimbia, mtoto yule akiwa miongoni mwao. Naye hakukasirika, aliruka, akazama, akajipinda, kama mwenye kuwaita. Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu, na zaidi, hata watu waliozaliwa na kulelewa na bahari wakaona haya kwa kuogopa. Wakamsogelea, wakamwita, wakamgusa. Mtoto aliyechukuliwa siku ya mwanzo akawa anapanda mgongoni, na wenziwe wakiogelea kuume na kushoto. Palikuwa pia na pomboo wa pili, ambaye hakucheza wala hakukubali kuguswa. Kazi yake ilikuwa kuandamana tu: kumleta mwenziwe, kumtazama, na kumrudisha.

Hapo ndipo sehemu ya pili ya kisa ilipoanza. Mkubwa mmoja wa serikali, kwa kudhani anamtukuza pomboo kama kitu kitakatifu, alimmiminia mafuta yenye manukato alipokuwa ufukweni. Pomboo alikimbilia baharini asionekane kwa siku nyingi, na aliporejea alikuwa mnyonge na mwenye huzuni, mpaka nguvu zilipomrudia akaanza tena michezo yake. Wakati huo habari zilikuwa zimekwisha fika mbali. Maofisa wa serikali walimiminika kutoka kila upande kuja kutazama, na mji mdogo ukawa unabeba gharama za kuwapokea na kuwakirimu. Plinius Mkubwa anataja pia dhuluma ambazo wakubwa hao waliwafanyia wenyeji waliowapokea. Mji uliokuwa na utulivu ukapoteza utulivu wake. Mwishowe wenyeji wakakata shauri, na pomboo akauawa kwa siri.

Katika kusoma kisa hiki ni rahisi kuwalaumu watu wa Hippo, na lawama hiyo si ya haki yote. Wahenga wa pwani ya Afrika Mashariki walinena kuwa mgeni aje, mwenyeji apone. Huko Hippo mgeni alikuja na mwenyeji akafilisika. Na wageni wenyewe hawakuwa wa kupewa jembe siku ya tatu, kwa kuwa walikuwa watawala. Mji usioweza kumfungia mlango liwali ulitafuta namna ya kumwondolea liwali sababu ya kuja. Wanyonge walioshindwa kumkatalia mwenye nguvu walimalizia hasira zao kwa aliye mnyonge kuliko wao, na aliye mnyonge kuliko wao alikuwa ndiye pekee ambaye hakumdai mtu kitu.

Msindikizaji wa meli

Kisa cha pili ni cha New Zealand, na mwenendo wake ulikuwa tofauti. Kati ya visiwa viwili vikubwa vya nchi hiyo umo mlango wa bahari uitwao Cook, na meli zilizotoka Wellington kwenda Nelson zilizoea kufuata njia karibu na mlango mwembamba wenye mikondo mikali unaoitwa French Pass. Kuanzia mwaka wa 1888 mabaharia wa njia hiyo walimwona pomboo mmoja mkubwa, wa urefu wa mita nne hivi, rangi yake ya kijivu iliyopauka na yenye mistari kama ya makovu. Alizikuta meli katika eneo lake, akajisugua ubavuni mwa chombo, akacheza omoni kwa maili kadhaa, kisha akaachana nazo, na hakupita nazo ndani ya mlango wenyewe. Walimwita Pelorus Jack, kwa jina la ghuba iliyo karibu na hapo. Wamaori wa sehemu hizo walikuwa na jina lao la kale zaidi, Kaikaiawaro, la mlinzi wa baharini katika masimulizi ya jadi yao.

Kwa muda wa miaka ishirini na minne pomboo huyo alisindikiza meli, usiku na mchana. Abiria walijaa omoni kumwangalia, picha zake ziliuzwa kwa kadi za posta, na wapo waliofunga safari kwa ajili yake tu. Walipopatikana watu wa kutaka kumdhuru, serikali ya nchi hiyo ilitoa amri mwezi wa Septemba 1904 ya kupiga marufuku kuuawa kwa pomboo wa jinsi yake katika mlango wa Cook, na mwenye kuvunja amri alikabiliwa na faini ya hadi pauni mia moja. Amri ilitaja jinsi nzima, kwa sababu sheria haina njia ya kumtaja pomboo mmoja. Lakini kila mtu alijua ni nani aliyekusudiwa. Mara ya mwisho alionekana mwaka wa 1912.

Lililo muhimu katika kisa hiki ni kwamba Pelorus Jack aliishi mpaka mwisho akiwa mmiliki wa mchezo wake. Meli zilikuwa na safari zao, nazo zingepita hapo awepo asiwepo. Hazikumfuata, yeye ndiye aliyezifuata. Hakuna aliyemshika wala aliyemkalisha mchangani. Alipochoka aliondoka, na meli haikuweza kugeuza njia ili kumtafuta, kwa kuwa ilikuwa na ratiba na shehena. Sheria ya 1904 ilifanya kazi nzuri, lakini kabla ya sheria palikuwa na adabu ambayo haikukusudiwa na mtu, iliyoletwa na haraka ya meli yenyewe.

Sheria iliyochelewa

Nusu karne baadaye, katika nchi hiyo hiyo, adabu hiyo haikuwapo. Kijiji cha Opononi kimo katika ghuba ya Hokianga, upande wa kaskazini wa Kisiwa cha Kaskazini. Mwaka wa 1955 pomboo mchanga alianza kuandama mashua za hapo, na katika kiangazi cha mwisho wa mwaka huo hadi mwanzo wa 1956 akawa anakuja mpaka maji ya kimo cha mtoto. Kwa kumbukumbu ya yule wa zamani walimwita Opononi Jack. Baadaye ikajulikana kuwa ni jike, na jina likafupishwa kuwa Opo. Alicheza na mpira, akaurusha juu kwa pua na kuudaka. Alichezea chupa tupu. Aliwaruhusu watoto kumgusa, na baadhi yao aliwabeba mgongoni, kama ilivyokuwa Hippo.

Na kama ilivyokuwa Hippo, habari zilienea. Maelfu ya watu walikuja kwa magari katika kijiji kisichokuwa na nafasi ya kuwapokea. Wengi walikuja kwa upole na kuondoka wakiwa wapole zaidi. Wageni wasiojuana walizungumza na kula pamoja ufukweni kama watu wa nyumba moja. Lakini walikuwapo pia waliomvuta mapezi, waliotaka kumtoa majini, na madereva wa boti waliompita karibu mno. Wanakijiji waliunda kamati ya kumlinda, wakaiomba serikali itunge kanuni. Kanuni zilitungwa, zikaanza kutumika usiku wa kuamkia tarehe 9 Machi 1956. Siku hiyo hiyo Opo alikutwa amekufa, amenasa katika mwanya wa mawe. Wengi walishuku baruti ya wavuvi haramu, silaha ambayo watu wa pwani ya Tanzania hawahitaji kuelezwa madhara yake. Alizikwa kijijini kwa heshima, na mwaka wa 1960 mchongaji Russell Clark alimtengenezea sanamu ya jiwe inayomwonyesha akiwa na mtoto.

Kisa cha Opo kwa kawaida hukomea hapo, na hukomea kwa machozi. Mkoa wake, hata hivyo, una ukurasa mwingine, usio na sanamu. Upande wa pili wa rasi hiyo ya kaskazini ipo ghuba iitwayo Bay of Islands, ambako mwishoni mwa karne ya 20 kuogelea na pomboo kuligeuka kuwa biashara. Pomboo hao hawakuuawa kwa baruti, wala hawakuchukiwa na mtu. Kila aliyewaendea aliwaendea kwa mapenzi. Lakini boti zilikuwa nyingi na zilikuwapo kutwa, na pomboo wakakosa muda wa kulala, kula na kunyonyesha. Mwaka wa 2019 mamlaka ya hifadhi ilitangaza kuwa idadi yao katika ghuba imepungua kwa takriban thuluthi mbili katika muda wa miaka ishirini, na ikapiga marufuku watalii kuogelea nao. Mwishoni mwa 2021 ghuba ikafanywa hifadhi maalumu ya wanyama hao, na vyombo vikaamriwa kukaa umbali wa mita mia tatu. Katika Hippo pomboo mmoja aliuawa kwa sababu ya wageni. Katika Bay of Islands wageni wenyewe, bila ya kukusudia na bila ya kujua, walilimaliza kundi kidogo kidogo.

Kizimkazi: kutoka chambo hadi riziki

Msomaji wa visiwani hatashangaa kuona kwamba safari hii inaishia Kizimkazi. Kijiji hicho cha kusini mwa Unguja kina jina katika historia kwa sababu ya msikiti wake wa Dimbani, ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe na kuonyesha mwaka wa 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladi. Kwa karne zote hizo waumini wakitoka msikitini waliiona bahari ile ile, na ndani yake jinsi mbili za pomboo: mmoja mwenye pua mfano wa shingo ya chupa, na mwingine mwenye nundu mgongoni, ambaye ni mwoga zaidi wa watu.

Pomboo wa Kizimkazi hawakuwa wachezaji tu machoni mwa wavuvi. Walipigwa chusa, na nyama yao, yenye mafuta mengi, ilikuwa chambo kizuri cha mishipi ya papa. Hali hiyo iliendelea hadi miaka ya 1990. Kisha, mwanzoni mwa miaka hiyo, wageni wa ng'ambo walianza kuja wakiuliza kama wangeweza kupelekwa kuwaona pomboo, na wenye vyombo waligundua kwamba pomboo aliyekufa huliwa na papa mara moja, ilhali aliye hai hulipiwa kila asubuhi. Uwindaji ukakoma. Mwaka wa 1997 Ghuba ya Menai, ambayo Kizimkazi imo ndani yake, ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Mtu mwenye insafu hawezi kuidharau hatua hiyo: katika muda usiotimia miaka kumi, kijiji kiliacha chusa kilichorithi kwa mababu, na hakikuamriwa kwa mtutu wa bunduki.

Lakini riziki mpya ilikuja na mtihani wake. Wataalamu wa Chuo cha Sayansi za Bahari kilichopo Zanzibar, pamoja na wenzao wa kutoka ng'ambo, wamewachunguza pomboo hao tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Hesabu zao za wakati huo zilionyesha kuwa wa pua-chupa hawakufikia mia mbili, na wenye nundu walikuwa kama sitini tu. Jike wa pomboo hubeba mimba kwa mwaka mmoja, hunyonyesha kwa zaidi ya mwaka, na hupitisha miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Kundi dogo la viumbe wanaozaa kwa mwendo huo halina akiba ya kupoteza. Jarife za wavuvi zilikuwa zikiwanasa baadhi yao kila mwaka. Ama boti za watalii, uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2010 ulieleza kwamba pomboo wasiposumbuliwa walitumia kiasi cha thuluthi moja ya muda wao kwa kusafiri, na uliobaki kwa kupumzika, kutafuta chakula na kuchangamana. Boti zikiwapo, kusafiri kulichukua zaidi ya thuluthi mbili ya muda, na mapumziko yakapungua kuliko jambo jingine lolote.

Takwimu hizo humaanisha jambo ambalo kila nahodha wa Kizimkazi amewahi kuliona kwa macho. Pomboo hulala kwa namna ya peke yake: nusu moja ya ubongo hupumzika na nusu nyingine hukesha, mwili ukielea polepole na kupanda juu kuvuta pumzi. Katika hali hiyo huja boti ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tano. Nahodha huzunguka mbele ya kundi, hupaza sauti ya kuwataka wageni waruke, nao huruka. Pomboo huzama na kuibukia mbali. Boti hupiga mbio hadi hapo, na wageni huruka tena. Mama mwenye mtoto hugeuka huku na huku asijue pa kuelekea. Mgeni aliye juu ya boti huamini kuwa anachezewa, kwa kuwa viumbe anaowaona wana nyuso zinazofanana na tabasamu. Na uso wa pomboo, kwa umbo lake, hutabasamu hata anapokufa. Huko si kucheza tena. Ni uwindaji uliotupa chusa na kubakisha mbio.

Kama ilivyo kwa watu wa Hippo, lawama ya kumtwika nahodha peke yake si ya haki. Mgeni wake ameamshwa kabla ya alfajiri katika hoteli ya mbali, ameshalipa, na ana asubuhi moja tu. Si kila shilingi aliyolipa imefika kijijini. Nahodha akizima mashine na kusubiri, boti ya jirani haitasubiri, na mgeni atarudi hotelini akisema kwamba hakuonyeshwa kitu. Miongozo ya namna ya kuwakaribia pomboo imeandikwa, na manahodha wamefundishwa: kwenda taratibu, kutokea ubavuni, kutokata njia yao, kutorundikana, kuwaacha wenye watoto. Kinachokosekana mara nyingi si elimu. Mwongozo unaofuatwa na mmoja na kuvunjwa na mwenziwe humwadhibu yule aliyeufuata. Ndiyo maana mwenye mashua hawezi kuachiwa peke yake kazi ambayo inamhusu pia wakala anayeahidi, hoteli inayouza, serikali inayotoza, na mgeni anayedai.

Tofauti ya Kizimkazi na Hippo ipo, nayo ni kubwa. Watu wa Hippo walipata hasara kwa wageni. Watu wa Kizimkazi wanapata riziki. Hawana sababu ya kumuua pomboo kwa siri, na wana kila sababu ya kumtaka awepo kesho. Lakini pomboo mwenye nundu wa Bahari ya Hindi amekwisha kuorodheshwa duniani miongoni mwa viumbe waliomo hatarini kutoweka, na kundi likichoka huihama ghuba bila ya kuaga. Siku hiyo msikiti utabakia mahali pake kama ulivyobakia tangu 1107, boti zitabakia ufukweni, na deni la mashine litabakia kwa aliyeinunua.

Katika visa vyote hivi kuna kosa moja linalojirudia, nalo ni kusahau nani mwenyeji na nani mgeni. Nchi kavu binadamu ndiye mwenye nyumba, na desturi za visiwani kuhusu mgeni zinajulikana: hupiga hodi, husubiri karibu, hukaa alipoonyeshwa, hachungulii chumba cha kulala, na huaga kabla ya kumchosha mwenye nyumba. Baharini daraja hizo hugeuka. Mwenye nyumba ni pomboo, na aliyekuja kwa boti ni mgeni, hata awe amelipa kiasi gani, kwa sababu fedha zake hakulipwa pomboo.

Katika barua ya Plinius Mdogo wasomaji wengi humkumbuka yule pomboo aliyempanda mtoto, na humsahau mwenziwe. Naye ndiye mwenye somo. Aliogelea kando, aliona kila kitu, alifurahi kwa namna yake, hakugusa wala hakuguswa, na mchezo ulipokwisha alimsindikiza rafiki yake kwao. Nahodha wa Kizimkazi anayezima mashine mbali kidogo na kundi, akawaambia wageni wake wakae kimya na kutazama, anafanya kazi hiyo hiyo. Baadhi ya asubuhi pomboo watapita na kwenda zao. Asubuhi nyingine watageuka wenyewe na kuja mpaka omoni, kama walivyowajia mababu zake waliokuwa wakisafiri kwa tanga, wakati hapakuwa na mtu aliyelipa wala aliyelipwa.